Misingini, Nchi Isiyo na Darasa la Pili

Nchi ya Misingini haina darasa la pili. Nataka msomaji alijue hilo mapema, kwa sababu mimi sikulijua, na nilikaa huko kwa muda mrefu nikidhani kwamba darasa hilo lipo mahali fulani ambako bado sijapelekwa.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari huko Korogwe. Mkuu wetu wa shule alikuwa amesikia kwamba Misingini kila mtu, mkubwa kwa mdogo, hujifunza lugha ya kuandikia programu za simu. Kwamba watu wa huko hawangoji mtu wa mbali awatengenezee kitu, bali hukaa chini wakaiambia simu wenyewe ifanye nini. Akanituma nikajifunze lugha hiyo, nirudi nianzishe somo. Nilikwenda nikiwa na hamu kubwa, na nitaeleza niliyoyaona kama nilivyoyaona.

Nilipokewa na Bwana Lukindo, Mkuu wa Wanafunzi Wageni. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini, amevaa koti lililoshonewa vyeti kuanzia mabegani hadi kwenye pindo. Huko Misingini cheti hakitundikwi ukutani. Hushonwa kwenye nguo, na sheria inataka mwenye vyeti vichache ampishe njia mwenye vyeti vingi. Siku ya upepo mji mzima hutatarika kama shamba la mahindi makavu.

"Vyote hivi ni vya lugha gani?" nilimuuliza.

"Mbalimbali. Hiki cha begani ni misingi ya Agizo, lugha tunayoingia sasa. Hiki ni misingi ya Tamko, tunayotoka. Hivi vya chini ni misingi ya lugha zilizokwisha kufutwa. Lugha hufutwa, cheti hakifutwi."

"Na baada ya misingi?"

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyevaa shati ndani nje bila kujua. "Baada ya misingi kuna misingi ya lugha inayofuata, Mwalimu."

Nilidhani anatania. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akinisomea katiba. Kila mara watu wanapoanza kuizoea lugha, Baraza la Lugha huitangaza kuwa imezeeka na kuleta nyingine. Sababu zinazotolewa huwa nzuri: lugha mpya ni fupi zaidi, ni safi zaidi, inapendwa katika nchi kubwa. Siku hiyo wote huwa wanafunzi wa siku ya kwanza tena, waziri na mchuuzi wa ndizi, na watu wa Misingini huliita jambo hilo usawa. Anayeendelea na lugha kupita pale darasa lilipoishia hushtakiwa kwa kosa la kuruka hatua.

Shule yao inaitwa Jumba la Misingi. Ni jengo zuri kuliko ikulu. Nilitembezwa ghorofa baada ya ghorofa, na kila mlango uliandikwa Darasa la Kwanza. Mwisho wa ukumbi mmoja nikaona mlango ulioandikwa Darasa la Pili, nikaufungua kabla Bwana Lukindo hajanizuia. Ndani kulikuwa na viti vilivyovunjika miguu.

"Ni vya kukarabatiwa," alisema, akaufunga taratibu.

Nilipangiwa kukaa Bondeni, mtaa ulio kando ya Mto Ruvena, kwa mjane aitwaye Nyamizi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye maneno machache, na aliishi na mama mkwe wake, Bi Semeni, ambaye masikio yake yalikuwa yameanza kumtupa. Bi Semeni alinipenda tangu siku nilipomwamkia kwa sauti iliyomfikia.

"Huyu ana adabu," alimwambia mkwewe. "Wengine wanaponiamkia wanatikisa midomo tu."

Kutoka kwake nilipata habari ya mto. Juu ya Bondeni kuna bwawa, na likijaa, malango yake hufunguliwa na maji hushuka kwa kishindo hadi mtaani. Zamani mlinzi wa bwawa alipiga king'ora, watu wakakimbilia kilimani. Kisha serikali ikasema ni aibu kwa taifa linaloandika programu kuonywa na chuma kinachopiga kelele. Iandikwe programu ya simu. King'ora kiling'olewa wiki ileile. Programu ilibaki kwenye hatua ya misingi. Mwana wa Bi Semeni, mume wa Nyamizi, alikuwa akifyatua matofali ukingoni siku malango yalipofunguliwa kimya kimya kwa mara ya kwanza.

Nilianza masomo pamoja na Nyamizi, kwa kuwa naye, kama raia wote, alitakiwa kuanza misingi ya Agizo. Mwalimu wetu alikuwa Bi Mwatima, ambaye pia ndiye Mwenyekiti wa Baraza la Lugha. Alikuwa amefundisha misingi tangu usichana wake na hakuwahi kuandika programu iliyotumiwa na mtu yeyote. Jambo hili lilisomwa kati ya sifa zake siku ya ufunguzi, kwa kuwa lilionyesha kwamba ujuzi wake haujachafuliwa na matumizi.

Somo la kwanza lilikuwa kuifanya simu iandike kwenye kioo: Habari, Dunia. Tuliandika mstari mmoja, tukabonyeza, maneno yakatokea, na darasa likapiga makofi. Nakiri kwamba nilifurahi. Ni jambo la kushangaza kuamuru kitu kikatii. Nilitazama kando nikamwona Nyamizi ameketi mikono mapajani.

"Hii ni mara yangu ya ngapi, hata sijui," alisema. "Dunia haijaitikia bado."

Somo la pili lilikuwa juu ya kihifadhi, yaani mahali penye jina ambapo programu huweka kitu kinachoweza kubadilika, kama vile umri wa mtu au idadi ya ujumbe. Somo hili lilichukua muda mrefu kwa sababu Baraza lilikuwa katikati ya mjadala: kiitwe kihifadhi au kibadilifu. Wajumbe wa kila upande walikuja darasani kutushawishi. Wa kihifadhi walisema heshima ya kitu ni kule kuweka. Wa kibadilifu walisema anayeweka bila kubadilisha ni kaburi. Mwalimu mmoja wa ghorofa ya juu alifukuzwa kazi kwa kusema inatosha kukitumia. Mwishowe kihifadhi kikashinda, na waliokuwa wamefaulu kwa jina jingine wakaambiwa warudie.

Kisha likaja somo la sharti: kama jambo hili ni kweli, fanya hivi, la sivyo, fanya vile. Mfano wa kitabuni ulikuwa: kama mvua inanyesha, onyesha picha ya mwavuli. Nyamizi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mahali pa mvua naweza kuweka kimo cha maji ya bwawa? Na mahali pa mwavuli nikaweka mlio?"

Bi Mwatima alimjibu bila ukali. "Unaweza kuweka chochote, mama. Lakini mfano ni mvua na mwavuli, na mtihani utatoka kwenye mfano."

Jioni ile, tulipokuwa tukimenya mihogo uani, Nyamizi aliniambia kwamba swali lile alikuwa na jibu lake tayari. Alipomaliza misingi ya Tamko hakusimama. Aliendelea peke yake, akikosea, akisoma simu inavyomweleza amekosea wapi, akirekebisha, akikosea tena, mpaka programu yake ikakamilika. Mlinzi wa bwawa aliiweka kwenye simu yake, na watu wa Bondeni kwenye zao, kwa siri. Mlinzi akibonyeza, simu zote za mtaa hulia na kutetemeka hadi mwenyewe azizime. Masika iliyopita programu hiyo iliwatoa watu wote kwa wakati.

"Onyesha, mama," Nyamizi alimwambia Bi Semeni kwa sauti ya juu.

Bi Semeni alifungua fundo la kanga kiunoni akanionyesha simu yake ndogo. "Kulia kwake sikusikii, mwanangu. Lakini ikinitikisa hapa, nanyanyuka naondoka. Mwanangu alikuwa na masikio mazima na hakupata hata hilo."

Nilimuuliza Nyamizi kwa nini jambo kama hilo lifichwe. Akasema haliwezi kufichwa tena. Tangazo lilikuwa limetoka: kwa kuwa Agizo sasa ndiyo lugha ya taifa, simu zote zitasafishwa kila kilichoandikwa kwa Tamko. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kuomba kibali mbele ya Baraza. Aliniomba nimsindikize.

Baraza lilikutana katika ukumbi wenye ubaridi mzuri. Nyamizi alisimama, akaeleza programu yake kwa maneno mafupi, kisha akabonyeza simu moja, na nyingine niliyoishika mimi mwisho wa ukumbi ikalia na kutetemeka mkononi mwangu. Wajumbe waliitazama kama watu waliosikia mtu akipiga chafya msikitini.

Mjumbe wa kwanza aliuliza mbona haikuanza na Habari, Dunia.

"Haikuhitaji," Nyamizi alisema.

Mjumbe wa pili aliuliza nani alimfundisha sehemu iliyo baada ya misingi.

"Hakuna."

"Kama hakuna aliyekufundisha, basi huijui."

"Lakini inafanya kazi, Bwana. Umeisikia."

"Kufanya kazi," alisema yule mjumbe, "si ushahidi wa kujua."

Maneno hayo yaliwapendeza wengi, na yakapendekezwa yaingizwe kwenye kumbukumbu. Mjadala uliofuata ulikuwa juu ya neno la kuiita programu ile, kwa kuwa haikuwa zoezi wala mfano, na sheria haikujua kitu cha tatu. Hakuna aliyeuliza habari ya mto. Mwishowe Bi Mwatima akatoa uamuzi: Nyamizi afaulu kwanza misingi ya Agizo, kisha anaweza kuileta programu yake ikiwa imeandikwa upya katika lugha hiyo, iliyopo ifutwe pamoja na nyinginezo zote.

"Naomba hii iachwe mpaka ile mpya iwe tayari," Nyamizi alisema. "Masika iko karibu."

"Ikiachwa," Bi Mwatima alisema, "hutakuwa na haraka ya kujifunza."

Wasafishaji wa simu walipita Bondeni asubuhi, wakibisha hodi kila nyumba na kuvua viatu mlangoni. Sijapata kuona unyang'anyi wenye heshima namna ile. Bi Semeni ndiye pekee aliyekataa. Alishika fundo la kanga yake kwa mikono miwili, akakaa chini. Ikabidi aitwe Bwana Lukindo. Alipiga magoti mbele ya yule mama, vyeti vyake vikitatarika, akamwamkia kwa sauti kubwa na ya upole, akamwomba radhi, kisha akafungua lile fundo kwa vidole vyake mwenyewe. Alipomrudishia simu, ndani yake kulikuwa na Habari, Dunia tu. Bi Semeni aliifunga tena kiunoni, palepale.

Nyamizi hakulia wala hakulalamika. Alisoma misingi ya Agizo kama mtu anayechimba kisima, akachora mwavuli wake, akafaulu, akapewa cheti, akakitia kwenye kapu la vitunguu. Nyumbani aliandika upya programu yake, nami nikimsaidia kwa kidogo nilichokuwa nimeshika. Hapo ndipo nilipojifunza kweli. Darasani sikupata kujua kwa nini mzunguko, ile amri ya kurudia jambo, unahitaji mahali pa kukoma. Nilijua siku simu zetu zilipokataa kunyamaza na majirani wakatoka nje na watoto wao. Tulicheka siku ile. Ndiyo siku pekee niliyomwona akicheka. Tulipoijaribu tena, mimi nikiwa kilimani na yeye akiwa mtoni, ililia pale ilipotakiwa na kunyamaza pale ilipotakiwa.

Tukaipeleka kwa Bwana Lukindo. Alitusikiliza mpaka mwisho, akakunja mikono.

"Hamjasikia? Leo asubuhi Baraza limeleta Wito. Agizo imezeeka."

"Imezeeka lini?" nilimuuliza. "Cheti cha huyu mama hakijapata hata vumbi."

"Mwalimu, wewe ni mgeni."

"Bwana Lukindo, mtaa mzima unaishi chini ya bwawa. Hamna king'ora, hamna programu. Mnangoja nini?"

"Hatungoji," alisema. "Tunajifunza."

Nyamizi aliinuka akashika njia. Nami nikamfuata.

Somo la kwanza la Wito lilikuwa la lazima kwa watu wote wenye nguvu, nasi tulikuwa Jumba la Misingi, ghorofa ya tatu, alasiri yenye jua kali. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani. Kwetu anga lilikuwa jeupe. Bi Mwatima alikuwa akitusifia Wito alipogeuka kutazama wanafunzi wa dirishani waliosimama. Nami nikasimama. Malango ya bwawa yalikuwa yamefunguliwa, na mto ulikuwa umeacha njia yake. Maji ya rangi ya kahawia yalikuwa yakipita kati ya nyumba za Bondeni, yamebeba mabati, na kutoka pale juu tulipokuwa sauti yake haikusikika.

Nyamizi alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Nilimkimbilia. Tulipofika kwenye mteremko, watu walikuwa wameshikana mikono kuunda mnyororo, wakivuta waliowafikia. Aliwasukuma, akaingia hadi kifuani, nasi tukamrudisha kwa nguvu, naye akatupiga. Waliokuwa nyumbani saa ile walikuwa wazee, wagonjwa na watoto wachanga, kwa sababu wenye miguu walikuwa wameitwa kusoma.

Maji yalipopungua tulimkuta Bi Semeni nyuma ya nyumba, amenasa kwenye uzio. Maji yalimkuta akichambua mchele. Ungo ulikuwa chini yake. Simu ilikuwa bado imefungwa kiunoni.

Tume ya uchunguzi iliundwa kabla matanga hayajaanuliwa, chini ya Bi Mwatima. Nilidhani wataulizana nani aliamuru nini. Tume ilikaa, ikala, ikatoa matokeo yake: watu wa Bondeni walikufa kwa sababu walikuwa wamezoeshwa kutegemea programu isiyo na kibali, wakasahau kuutazama mto kwa macho yao. Aliyewazoesha ni Nyamizi.

Nilitoa ushahidi. Nilisema programu ile niliishika mkononi mwangu, kwamba iliokoa watu, na kwamba iliyoua ni amri ya kuifuta. Bi Mwatima aliuliza shahidi ana cheti gani. Sikuwa nacho. Akasema kwa upole kwamba ninaweza kupewa cha misingi ya Wito jioni hiyohiyo, kama heshima kwa mgeni, endapo ningekumbuka vizuri zaidi. Nikasema nakumbuka vizuri. Ushahidi wangu ukaondolewa kwa kukosa sifa, na nikapewa siku chache za kuondoka nchini.

Hukumu ya Nyamizi ilikuwa kusoma misingi, kila siku, katika kila lugha itakayokuja, mpaka Baraza litakaporidhika kwamba ameielewa. Watu ukumbini walisema ni hukumu ya huruma.

Bwana Lukindo alinisindikiza siku ya kuondoka. Koti lake lilikuwa limeongezwa kiraka kwenye kwapa, kwa cheti kipya. Tulitembea mpaka tulipofika mahali pasipo na watu.

"Kila mtu hapa amewahi kuandika kitu, Mwalimu," alisema. "Usidhani ni yule mama peke yake. Mimi yangu ilikuwa ya zahanati. Mgonjwa alikuwa anaona foleni akiwa nyumbani, haji kukaa juani na homa yake. Ilifanya kazi vizuri sana."

"Iko wapi?"

"Niliifuta mwenyewe, kabla hawajaja."

"Kwa nini?"

Alitazama kando. "Nilikuwa karibu kupandishwa cheo."

Nilimwomba anipitishe Jumba la Misingi niage. Alikubali, akabaki chini. Ilikuwa saa ya mapumziko, na Nyamizi alikuwa amesimama ukumbini, amevaa kanga nyeusi ya msiba. Maneno ya faraja niliyoyapanga njia nzima niliyaacha. Nikamuuliza kama kuna jambo anataka nimfanyie huko niendako.

Aliikaza kanga yake.

"Ukiwasimulia watu wa kwenu, watasema masikini, watu hawa hawakujua. Usikubali waseme hivyo. Sisi tulijua jinsi ya kuifanya. Na wao wa Baraza walijua kwamba inafanya kazi."

Kengele ikalia. Alinishika mkono, akaniambia niende salama, kisha akaingia darasani upesi, kwa sababu mfungwa anayechelewa huongezewa lugha.